Aliyevuka bahari kwa makasia, na yule tuliyemsahau

Nina deni. Si la fedha, ingawa hilo nalo lipo, na wanaojua mishahara yetu sisi waandishi wa habari hawatashangaa. Deni langu ni la jina la mtu.

Mwaka jana nilitumwa kuandika habari za mashindano ya ngalawa. Ngalawa iliyoshinda ilikuwa na watu wanne. Nikamhoji nahodha, nikampiga picha nahodha, habari ikatoka na jina la nahodha. Siku mbili baadaye nilipita tena pale pwani kwa shughuli nyingine, mzee mmoja akaniita. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, gazeti nimelisoma. Hivi mimi siku ile sikuwemo chomboni?"

Kumbe ndiye aliyekuwa akifua maji tangu mwanzo wa mashindano hadi mwisho. Amekaa chini, kopo mkononi, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Bila yeye ngalawa ile ingejaa maji kabla ya kulizunguka boya la kwanza.

Sikuwa na jibu. Nilibaki nacheka cheka tu kama mtu aliyekanyaga mguu wa mkwewe. Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma habari za watu walioweka rekodi nikitafuta kitu kimoja: nani alikuwa anafua maji? Katika kutafuta huko ndipo nilipokutana na kisa cha John Fairfax. Naomba niwasimulie, kwani ni kisa kitamu, na mwisho wake una funzo kwa wote tunaoshika kalamu.

John Fairfax ndiye mtu wa kwanza katika historia kuivuka bahari kuu peke yake kwa kupiga makasia. Hakuwa na injini wala tanga. Alikuwa na mikono yake miwili na mbao mbili.

Alizaliwa Roma, Italia, tarehe 21 Mei 1937. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mbulgaria. Baba alikuwa akifanya kazi BBC huko London, na mtoto hakupata kumjua vizuri. Alilelewa na mama, na kwa kila hali alikuwa mtoto mgumu. Mama akamwandikisha skauti akidhani labda atapata adabu. Wapi! Akiwa na miaka tisa, wakiwa kambini, aligombana na wenzake, akachukua bastola ya mkuu wa kambi na kukifyatulia risasi kibanda chao. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Skauti wakamfukuza.

Baadaye mama na mwana wakahamia Buenos Aires, Argentina. Huko, akiwa na miaka 13, alitoroka nyumbani kwenda kuishi msituni. Aliishi kwa kuwinda na kuuza ngozi. Akiwa na miaka 20 aliumizwa na mapenzi, akaamua kufa. Lakini hata kufa alitaka kufe kwa namna yake: akaingia msituni ili auawe na jaguar, yule mnyama wa Amerika Kusini anayefanana na chui. Kwa tahadhari akachukua bastola. Mnyama alipotokea, kijana akagundua kwamba kumbe bado anapenda kuishi. Aliyekufa ni jaguar.

Kutoka hapo akaenda Panama, akakutana na haramia mmoja, akaomba kazi. Akatumikia miaka mitatu katika magendo ya bunduki, pombe na sigara.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Mambo mengi ya ujana wake tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyasimulia, na mhariri wangu angeniuliza, "Shahidi yuko wapi?" Haki yake. Lakini yanayofuata yana mashahidi, yana tarehe, na yana chombo ambacho watu walikiona kikiondoka na wakakiona kikifika.

Turudi nyuma. Akiwa kijana mdogo, Fairfax alisoma habari za watu wawili, George Harbo na Frank Samuelsen. Hawa walikuwa Wanorwe waliohamia Marekani, maskini waliokuwa wakiishi kwa kuchokoa chaza na kombe katika pwani ya New Jersey. Mwezi Juni 1896 waliondoka New York katika mashua ya wazi yenye urefu wa mita tano na nusu hivi. Waliiita Fox, jina la mwenye gazeti la Police Gazette, Richard Fox, wakitumaini kwamba safari ingewapatia umaarufu na fedha. Katikati ya bahari mawimbi yaliwapindua, wakapoteza sehemu kubwa ya chakula. Wakaipanda tena mashua yao, wakaendelea. Siku ya 55 walifika visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza, kisha wakasonga hadi Le Havre, Ufaransa. Hao ndio wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa makasia. Utajiri hawakuupata. Walipata medali.

Habari ile ikaingia katika kichwa cha kijana na haikutoka. Akajiapiza kwamba siku moja atavuka, tena peke yake. Mimi kama mwandishi kitu hiki kinanigusa. Aliyeandika habari ya wale wachokoa kombe hakujua kwamba anamwandikia mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Ndoto ikalala kwa miaka. Ilikuja kuamshwa mwaka 1966. Mwaka huo askari wawili wa Uingereza, John Ridgway na Chay Blyth, walivuka Atlantiki kutoka Cape Cod, Marekani, hadi visiwa vya Aran, Ireland, kwa siku 92. Fairfax alipopata habari hiyo aliona kama anaibiwa mali yake. Akafunga safari kwenda London.

Tusifanye mzaha lakini. Mwaka huohuo wa 1966 Waingereza wengine wawili, David Johnstone na John Hoare, nao waliingia Atlantiki kwa makasia katika mashua iitwayo Puffin. Mwezi Oktoba meli ya kivita ya Kanada iliikuta mashua hiyo inaelea ikiwa imepinduka. Ndani hamkuwa na mtu. Kwa hiyo kila aliyeamua kwenda baada ya hapo alijua vizuri anaamua nini. Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Hawa hata mazoea yenyewe hawakuwa nayo.

London Fairfax hakuwa na fedha wala mashua. Alikuwa na maneno. Akaweka tangazo gazetini la kuomba msaada, na miongoni mwa waliojibu alikuwamo dada mmoja, katibu muhtasi, aliyekuwa pia akipiga makasia kama mchezo. Jina lake Sylvia Cook.

Liwekeni jina hilo kiporo, nitalirudia.

Maandalizi yalichukua muda mrefu. Fairfax alikuwa akifanya mazoezi katika ziwa dogo la Serpentine, ndani ya bustani ya Hyde Park, katikati ya jiji. Hebu fikiria: mtu anajiandaa kupambana na bahari kuu, anapiga makasia mahali ambapo watu wanakuja kulisha bata. Sylvia akawa msaidizi wake, kisha mpenzi wake. Mashua ilichorwa na Uffa Fox, Mwingereza mashuhuri kwa kubuni vyombo vya majini, yule ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alibuni mashua za uokoaji zilizodondoshwa baharini kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Chombo cha Fairfax kiliitwa Britannia, urefu wa mita kama saba. Kilikuwa na uwezo wa kujigeuza chenyewe kikipinduliwa na wimbi, na maji yakiingia yanatoka yenyewe. 

Tarehe 20 Januari 1969 aliondoka San Agustín, katika kisiwa cha Gran Canaria, upande wa magharibi wa pwani ya Morocco. Akaelekeza mgongo upande wa Marekani, maana mpiga makasia huketi akitazama alikotoka, anakokwenda anakupa mgongo.

Huenda mtu akajiuliza, kwa nini aanzie huko badala ya Ulaya? Sababu ni upepo. Kutoka eneo hilo kuna pepo na mikondo inayoelekea magharibi karibu mwaka mzima, ndiyo hiyohiyo iliyompeleka Columbus. Mtu mmoja hana nguvu za kushindana na bahari. Anachoweza ni kwenda nayo na kuisaidia kidogo. Na siku ambayo upepo unageuka, anapiga makasia kutwa nzima, anakwenda kulala, na asubuhi anakuta amerudishwa nyuma ya pale alipokuwa jana. Hakukuwa na setilaiti za kumwonyesha mahali alipo. Alipima jua na nyota, akapiga hesabu kwa penseli.

Alivua samaki na kula kwa wingi. Alipambana na papa. Mara chache alikutana na meli, wakampa chakula na maji safi, wakamtakia heri, wakaondoka, naye akabaki na kelele za makasia yake. Nusu mwaka mzima! Mimi nikipanda boti ya kwenda Unguja, bahari ikichafuka kidogo tu naanza kusoma dua zote nilizofundishwa utotoni.

Tarehe 19 Julai 1969, siku ya 180, Britannia iligusa mchanga wa Hollywood, Florida. Binadamu wa kwanza kuvuka bahari kuu peke yake kwa makasia. Alikuwa na miaka 32.

Sasa itazame vizuri hiyo tarehe. Tarehe 19 Julai 1969. Wiki hiyo huko hukohuko Florida kulikuwa kumerushwa chombo cha Apollo 11, na kesho yake, tarehe 20, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini. Dunia nzima ilikuwa inatazama juu. Nani atageuza shingo kumwangalia mtu mwenye ndevu anayetoka baharini?

Katika kazi yetu jambo hili tunalijua. Unaweza kuhangaika na habari yako mwezi mzima, siku ya kuitoa linatokea jambo kubwa, habari yako inasogezwa ukurasa wa 14, chini ya tangazo la viwanja. Na haukupita muda, tarehe 27 Julai, Mwingereza mwingine, Tom McClean, akafika Ireland akitokea Newfoundland, Kanada, naye peke yake, kwa siku 70 tu. Alikuwa ameondoka miezi minne baada ya Fairfax. Siku nane zaidi majini na Fairfax angelikuwa wa pili.

Lakini kuna watu waliomwona, nao ni wale wasiotarajiwa. Wanaanga wa Apollo 11 walimwandikia barua ya pongezi. Walimwambia kwamba safari yao ilitegemea kazi ya maelfu ya watu, lakini yake ilikuwa mafanikio ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kujitegemea. Wakampa heshima kama mvumbuzi kwa wavumbuzi wenzake.

Ni barua nzuri sana, na imenukuliwa mara nyingi. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilisisimka. Mara ya pili nikamkumbuka yule mzee wa kopo.

Mtu mmoja? Na yule dada aliyejibu tangazo? Na Uffa Fox aliyechora mashua inayojigeuza? Na mabaharia wa meli waliompa maji ya kunywa? Wanaanga walikuwa wakweli kwa upande wao, walijua kwamba hawakufika mwezini peke yao, na wakasema wazi. Ni sisi wengine tunaopenda shujaa awe mmoja, kwa kuwa jina moja linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari.

Bahati nzuri kisa chetu hakikuishia hapo.

Tarehe 26 Aprili 1971 Fairfax aliondoka tena, safari hii San Francisco, kuivuka Pasifiki, bahari kubwa kuliko zote duniani, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivuka kwa makasia. Chombo kiliitwa Britannia II, kazi ya Uffa Fox vilevile, kirefu zaidi, mita kama 11. Na ndani yake kulikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa Sylvia Cook.

Safari hiyo ilikuwa ya kilomita zipatazo 13,000. Njiani walipumzika visiwani. Chombo kilipata kukwama mwambani. Papa alimng'ata Fairfax mkononi. Kuelekea mwisho, kimbunga kikawakuta, na nchi kavu wakahofiwa kwamba wamekufa. Katika chombo cha mita 11 hakuna wa kumwachia zamu kama si mwenzako. Mmoja akiumwa mkono, anayebaki na makasia ni nani?

Tarehe 22 Aprili 1972, baada ya siku 361, walifika kisiwa cha Hayman, Australia. Walikuwa watu wa kwanza kuivuka Pasifiki kwa makasia. Na Sylvia Cook akawa mwanamke wa kwanza duniani kuvuka bahari kuu yoyote kwa makasia.

Yoyote. Si Pasifiki peke yake. Tangu wale Wanorwe wa 1896 hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo, na wa kwanza akaanza na iliyo kubwa kuliko zote. Nimewauliza wenzangu kadhaa chumba cha habari, watu wanaofuatilia michezo kila siku, kama wamewahi kulisikia jina lake. Hakuna. Wawili walikuwa wamewahi kumsikia Fairfax, yule wa jaguar.

Nadhani jibu liko hapo hapo. Fairfax alikuwa habari inayojiandika yenyewe. Bastola, msitu, haramia, papa. Baada ya bahari alihamia Marekani, akaishi kwa kucheza kamari Nevada, mchezo wa baccarat, na huko ndiko alikofariki tarehe 8 Februari 2012 akiwa na miaka 74. Tanzia yake ilisomwa duniani kote, na wengi walioisoma walikiri hawajawahi kusoma ya namna ile. Sylvia yeye alirudi Uingereza, akawa fundi wa kushonea makochi, akaishi maisha ya utulivu, na akabaki rafiki wa Fairfax. Hakuna bastola hapo. Mhariri gani ataipa ukurasa wa mbele habari ya fundi makochi?

Ndugu zangu, sisemi kwamba Fairfax hakustahili sifa. Siku 180 za Atlantiki alizipiga yeye, kwa viganja vyake, na hakuna wa kumnyang'anya. Wala hakumficha Sylvia. Kitabu cha safari ya Pasifiki kilitoka mwaka uleule wa 1972 kikiwa na majina yote mawili. Waliomwacha nje ni wasimuliaji waliokuja baadaye, watu wa kazi yangu.

Na kusahau huko kuna gharama. Mwanamke wa kwanza kuvuka bahari kuu peke yake kwa makasia, Mmarekani Tori Murden, alifika Guadeloupe Desemba 1999, yaani miaka 27 baada ya Sylvia kufika Hayman. Baadaye aliyekuja kuvuka bahari tatu peke yake ni Mwingereza Roz Savage: Atlantiki mwaka 2006, Pasifiki kwa awamu tatu kuanzia 2008 hadi 2010, kisha Bahari ya Hindi, hii yetu, kutoka Australia hadi Mauritius mwaka 2011, siku 154. Mwaka huo mahali alipokuwa hapakutangazwa, kwa hofu ya maharamia wa Somalia. Siwezi kudai kwamba Sylvia angesimuliwa zaidi hao wangekuja mapema. Lakini Fairfax mwenyewe alifika baharini kwa sababu alipokuwa kijana alisoma habari za wachokoa kombe wawili. Msichana aliyekuwa na miaka 13 mwaka 1973 alisoma habari za nani?

Hapo ndipo deni langu linaponikaba. Kuna kijana mahali fulani anayesoma gazeti letu, babu yake anafua maji katika ngalawa, na siku ile alilifungua gazeti akitafuta jina la babu yake. Hakuliona. Akajifunza kwamba kazi ile haihesabiwi.

Nilirudi kwa yule mzee mwezi uliopita. Nilimkuta anaziba nyufa za chombo kwa pamba na sifa. Nikamsimulia kisa hiki chote, Roma mpaka Australia. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwa Sylvia akauliza swali moja tu:

"Na maji nani alikuwa anafua?"

Nikamwambia chombo kile kilitoa maji chenyewe, ndivyo kilivyochorwa.

Akatafakari. "Basi huyo aliyekichora," akasema, "muandike na yeye."

Jina la mzee sasa ninalo, nimeliandika katika daftari langu la kazi kwa herufi kubwa. Silitaji hapa, kwa kuwa mahali pake ni palepale gazetini nilipolisahau. Mashindano ya mwaka huu hayako mbali. Nitakapofika, kabla sijamtafuta nahodha, nitahesabu kwanza watu waliomo chomboni.